DRC: Nafasi ya mtoto katika seksio ya Sayansi inaamuliwa kabla ya Tenasosp

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, ofisi za maprefe huko Goma, Bukavu, Uvira, Beni ao Bunia zinajaa wazazi wenye ombi moja: mtoto apewe nafasi katika seksio ya Sayansi, ile ambayo wengi wangali wanaiita Math-Physique. Baba ana buletini mkononi. Mama amekwisha kuchukua pesa za kujiandikisha kwenye likelemba. Mtoto mwenyewe amesimama nyuma yao na hasemi kitu. Mara nyingi yeye ndiye anajua jambo ambalo buletini haionyeshi: tangu mwaka wa 7 anakopia mazoezi ya hesabu kwa rafiki.

Wazazi hao hawana kosa kutamani seksio hiyo. Diploma yake inafungua mlango wa Polytechnique, wa utabibu, wa informatike, na hata anayebadilisha njia baadaye hapotezi kitu. Shida ni saa. Ofisini kwa prefe, mambo mengi yamekwisha kuamuliwa miaka mitatu ao mine mbele, katika darasa la mwaka wa 5 ya msingi ambako hakuna mzazi aliyekuja kuuliza swali.

Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa imeweka masomo ya lazima ya miaka 8: miaka 6 ya shule ya msingi, kisha mwaka wa 7 na wa 8. Mwisho wa mwaka wa 8 ndipo mtoto anafanya Tenasosp, jaribio ambalo kwa jina lake ni la kuchagua na kuelekeza wanafunzi. Kwa vitendo, familia nyingi zinalichukua kama mtihani wa kupita tu, na uchaguzi wa seksio unafanyika nyumbani, kulingana na kazi ambayo baba anaota ao seksio zilizoko kwenye shule ya karibu. Halafu inakuja miaka 4 ya humanités, na mwisho Exetat, mtihani wa Serikali uliopo tangu 1967.

Katika seksio ya Sayansi, miaka hiyo 4 inapanda kama ngazi. Kwanza ekwasio za daraja la pili, trigonometria na vekta. Katika miaka ya mwisho, limiti, derivati, integrali. Majina haya yanatisha wazazi, lakini walimu wa hesabu wa madarasa ya mwisho wanajua kwamba mara nyingi mtoto haanguki kwenye derivati yenyewe. Sheria ya derivati anaikariri kwa siku mbili. Anaanguka kwenye mstari unaofuata, pale anapopaswa kujumlisha fraksio mbili ao kutoa nambari yenye alama ya kutoa mbele yake.

Kikwembe cha yadi 6

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa 1 wa humanités swali hili: nusu na theluthi moja, jumla ni ngapi? Wako wengi watakaojibu 2/5. Wamejumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini. Mwalimu anaweka alama nyekundu, anaandika jibu sahihi ubaoni, 5/6, na somo linaendelea. Mtoto ananakili. Hakuelewa, lakini kaye yake ni safi.

Mama anayeuza bikwembe sokoni angelitambua kosa hilo bila kushika kalamu. Kikwembe kizima ni yadi 6. Nusu yake ni yadi 3. Theluthi yake ni yadi 2. Ukiziweka pamoja ni yadi 5 juu ya 6. Na yule anayesema 2/5? Mbili ya tano ya kikwembe ni yadi 2 na nusu kasoro kidogo. Alianza na yadi 3, akaongezewa nyingine 2, akabaki na chini ya zile alizoanza nazo. Mteja akifanyiwa hivyo sokoni atapiga kelele ya mwizi.

Kitu ambacho mtoto huyo anakosa siyo kanuni. Anakosa tabia ya kuuliza kama jibu linawezekana. Tabia hiyo haifundishwi mwaka wa 3 wa humanités, maana hapo mwalimu ana programu ya kumaliza na Exetat inamsubiri. Inajengwa mwaka wa 5 na wa 6 ya msingi, wakati fraksio, asilimia na kanuni ya tatu zinafundishwa, na inajengwa kwa vitu vinavyoonekana: kitambaa, bidoni ya maji ya litre 20, muwa uliokatwa.

Alama ya kutoa ni kidonda cha pili. Mwaka wa 7 mtoto anasikia kwamba kutoa na kutoa kunaleta kujumlisha, na anaibeba sentensi hiyo kila mahali kama dawa ya magonjwa yote. Akiona −3 −5 anajibu 8. Lakini aliye na deni la 3 dukani na deni la 5 kwa jirani hana 8 mfukoni, ana deni la 8. Kanuni aliyoikariri ni ya kuzidisha, ao ya kuondoa deni: dukani wakikufutia deni la 5, ni sawa na kukupa 5. Tofauti hiyo inaelezwa kwa dakika kumi. Isipoelezwa, inaharibu aljebra, kisha fizika, kisha kemia, na miaka mitano baadaye familia inasema mtoto "hana kichwa cha hesabu".

Mwaka ambao malipo yanaanza

Hapa ndipo jambo linatoka mikononi mwa mzazi na kuingia katika siasa ya elimu. Katiba, katika kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 Serikali imeanza kuitekeleza, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia darasani. Hilo ni jambo zuri. Lakini madarasa yalijaa kuliko majengo na walimu, na fraksio ni somo linaloteseka vibaya katika darasa lililojaa. Mwalimu anaweza kusomesha historia mbele ya watoto 80. Hawezi kupita kwenye kaye 80 kuona nani ameandika 2/5.

Halafu inakuja mwaka wa 7. Katika mashule mengi, ndipo malipo yanaanza tena. Na ndipo aljebra pia inaanza: herufi x inaingia mara ya kwanza, nambari zenye alama ya kutoa, ekwasio ya kwanza. Mambo mawili hayo yamekutana katika mwaka mmoja bila mtu kuyapanga, na matokeo yake ni mazito. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, siku nne mwezi wa 11, juma zima mwezi wa 2, anarudi darasani na kukuta ubao umejaa vitu asivyovijua. Katika jiografia atanakili kurasa alizokosa na kuendelea. Katika hesabu, ukurasa aliokosa ndio ule ambao kurasa zingine zote zimesimama juu yake.

Vita imeongeza uzito juu ya hayo. Mwaka wa masomo 2024-2025 ulianza na mgomo wa walimu katika mashule mengi ya Serikali, na katika Kivu ya Kusini mgomo huo ulichukua muda mrefu. Mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na katikati ya mwezi wa 2 wakaingia Bukavu. Mashule yalifungwa, yakafunguliwa, familia zikahama na kurudi, benki zikafunga milango na walimu wakabaki wakitafuta namna ya kupata mishahara yao. Watoto waliokuwa mwaka wa 6, wa 7 na wa 8 wakati huo ndio wanaoingia humanités katika miaka hii. Buletini zao zina pointi, maana shule lazima itoe pointi. Lakini mzazi ambaye anasoma pointi hizo kana kwamba mwaka ule ulikuwa wa kawaida anajidanganya, na prefe anayempokea mtoto katika seksio ya Sayansi bila kumpima anamdanganya zaidi.

Kumpima hakuhitaji ofisi ya inspekta. Maswali matano yanatosha, yote ya mwaka wa 5 hadi wa 8: kujumlisha fraksio mbili zenye vya chini tofauti, −3 −5, asilimia 15 ya 40.000; kutafuta x katika 3x + 7 = 22; na (a + b) mara yenyewe, ambayo wengi wanaandika a² + b² na kusahau 2ab. Anayeshindwa mawili ao matatu hakosi akili. Ana pengo, na pengo hilo linafunikwa kwa miezi miwili ya likizo kubwa likishughulikiwa peke yake, bila kukimbilia programu ya mwaka ujao.

Hapo ndipo pesa nyingi zinapotea. Familia inayoweza kulipa mwalimu wa nyumbani inamwita mwaka wa 4 wa humanités, miezi mitatu mbele ya Exetat, wakati ambapo anachoweza kufanya ni kumfundisha mtoto mbinu za kukisia. Exetat ni mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, na mbinu ziko: kurudisha kila jibu ndani ya ekwasio mpaka moja likubali, kufuta yale yasiyowezekana. Mbinu hizo zinaleta diploma. Hazileti mwanafunzi ambaye atabaki chuo kikuu, ambako mwalimu anatoa karatasi nyeupe isiyo na majibu ya kuchagua. Pesa hiyo hiyo, ikitumika mwaka wa 7, ingenunua kitu kingine kabisa.

Kifaransa ndani ya hesabu

Kuna kizuizi kingine ambacho wazazi wengi wa Mashariki hawakioni kama kizuizi, kwa sababu wanakilipia: Kifaransa. Sheria ile ya 2014 inakubali lugha za taifa zitumike katika miaka ya kwanza ya shule, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kulingana na Katiba. Lakini katika miji, shule inayojisifu kwamba mtoto hasikii neno la Kiswahili tangu shule ya watoto wadogo ndiyo inayojaza wanafunzi.

Kwa hesabu, jambo hilo lina bei. Kiswahili kinasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na sita: mtoto anasikia kumi, anasikia kilichoongezwa. Kifaransa kinasema onze, douze, seize, na lile kumi limejificha. Kwa bahati, Wakongomani walirithi kwa Wabelgiji septante na nonante, maneno yaliyo wazi kuliko yale ya Paris. Hata hivyo mtoto aliyejifunza kwanza kuhesabu kwa Kiswahili na kisha kuvuka kwenda Kifaransa amekwisha kuelewa namna makumi yanavyojengwa. Aliyeruka hatua hiyo amekariri orodha ya maneno.

Upande wa pili ni wa kweli pia: Exetat iko kwa Kifaransa, na swali la hesabu linaweza kumwangusha mtoto kwa neno dogo. Bei iliyopungua "de 20" na bei iliyopungua "à 20" ni hesabu mbili tofauti. "Au moins" na "au plus" zinageuza jibu. Mtoto anayeelewa wazo kwa Kiswahili na kujifunza maneno haya ishirini ao thelathini kwa Kifaransa yuko salama. Anayesoma Kifaransa kizuri bila wazo ndani yake anaweza kusoma swali kwa sauti ya kupendeza na asijue aanzie wapi.

Ndiyo maana mzazi ambaye hakumaliza shule ana nafasi kubwa kuliko anavyofikiri. Hesabu ya mwaka wa 5 na wa 6 iko ndani ya maisha yake ya kila siku. Ikiwa dola 20 ni franka 50.000, dola 7 ni franka ngapi? Mtoto atafute kwanza dola 1, apate 2.500, kisha azidishe, apate 17.500. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu, na mama yake anaifanya kichwani mbele ya kambista kila siku. Ama gunia la makala: lilikuwa franka 50.000, bei ikapanda asilimia 20, kisha ikashuka asilimia 20. Limerudi 50.000? Wengi watasema ndiyo. Lilipanda hadi 60.000, na asilimia 20 ya 60.000 ni 12.000, kwa hiyo limebaki 48.000. Mtoto wa miaka 11 anayebishana na baba yake juu ya zile 2.000 zilizopotea, na kutafuta zilikwenda wapi, ameanza matayarisho ya seksio ya Sayansi bila kujua jina lake.

Hata derivati ina mzizi njiani. Chukudu inayoshuka na mzigo kutoka Kibumba kuelekea Goma haioni mteremko mmoja: mahali pengine njia ni karibu tambarare, mahali pengine mwenye chukudu anakanyaga breki kwa nguvu zote. Derivati ni swali moja tu: mahali hapa hasa, mteremko ni mkali kiasi gani? Mtoto aliyepewa swali hilo kabla ya alama zake atazipokea kama jibu la kitu alichokuwa anakitafuta.

Wako wazazi wanaosema hayo yote ni mambo ya wazungu. Mfupa wa Ishango ulipatikana mwaka 1950 kwenye ukingo wa Ziwa Edward, katika Kivu ya Kaskazini ya leo, na Mbelgiji Jean de Heinzelin. Una umri wa miaka karibu 20.000 na umekatwa mistari kwa makundi. Katika safu moja makundi hayo ni 11, 13, 17 na 19, nambari ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Wataalamu wanabishana bado kama aliyeichora alilijua hilo. Mfupa wenyewe uko Bruxelles, mbali na watoto wa Beni na Lubero ambao ungewafaa zaidi.

Kurukisha darasa, na wasichana

Desturi mbili zinaharibu kazi hii mapema. Ya kwanza ni kurukisha mtoto: yuko mwaka wa 5, ana akili, anaandikishwa kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi na kuingia mwaka wa 7 bila kupita wa 6. Familia inasherehekea, na pia imeokoa mwaka. Lakini mwaka wa 6 ndio mwaka wa kurudilia fraksio, asilimia na mizani ya vipimo mpaka zikae mkononi. Mtoto mwenye akili ataziba pengo hilo katika Kifaransa na historia. Katika hesabu atalibeba, na kwa kuwa ni mdogo kuliko wenzake wote, ataona haya kuuliza.

Ya pili ni ya wasichana. Msichana mwenye pointi 14 juu ya 20 katika hesabu anaelekezwa pedagojia ao komersiale "kwa sababu ni salama", na kaka yake mwenye 11 anaingia Sayansi. Waziri wa elimu aliyechaguliwa mwaka 2024, Raïssa Malu, ni mwanafizika, na tangu 2014 ameendesha huko Kinshasa Juma la Sayansi na Teknolojia kwa ajili ya vijana. Mfano wake unatajwa sana katika hotuba. Ni vigumu kuona umebadilisha nini kwenye meza ya prefe wa Walungu ao Butembo.

Linabaki swali la walimu, na hapa lawama siyo ya Kinshasa peke yake. Jina la shule linajengwa na matokeo ya Exetat. Kwa hiyo prefe anampa mwalimu wake bora wa hesabu, yule aliyetoka ISP na ujuzi wa miaka 15, madarasa ya mwisho. Mwaka wa 7 na wa 8 anapewa aliyeajiriwa jana, ao mwalimu wa somo lingine ambaye alikuwa na saa za kujaza. Kwa hesabu ya prefe jambo hilo lina maana, kwani finalisti ndio wanaohesabiwa. Kwa hesabu ya mtoto ni kinyume: anampata mwalimu mzuri wakati amekwisha kuchoka na somo lenyewe.

Komiti ya wazazi inakutana mwanzoni mwa mwaka. Inajadili kiasi cha malipo, paa linalovuja, wakati mwingine sare na siku ya sikukuu ya shule. Orodha ya walimu wa mwaka wa 7 iko ndani ya ofisi hiyo hiyo, ukutani, nyuma ya kiti cha prefe, na mkutano unamalizika bila mtu kuuliza ni nani ameandikwa mbele ya neno "hesabu".